Beberu Mgeni

Kila siku Evelina alipotoka shule alifanya mambo yale yale. Alivua sare akaitundika, akala kiporo cha ugali wa uwele kwa mlenda, akachukua fimbo nyuma ya mlango na kwenda kumpokea mama yake mbuzi. Mama alichunga asubuhi, Evelina alichunga jioni. Kaka yake, aliyekuwa mchungaji hodari, alikuwa bwenini, sekondari huko Mpwapwa, na baba yao, Bartolomayo, alishinda akifyatua matofali. Ndivyo walivyogawana kazi nyumbani kwao, katika kijiji kimoja upande wa Mvumi.

Mbuzi wale hawakuwa wengi wa kutambia watu, lakini ndio waliokuwa benki ya nyumba. Mwaka ambao mtama uligoma, mbuzi ndio waliowavusha. Kwa hiyo Baba hakuwa na masihara nao. Beberu wake, mweusi mwenye ndevu, alikuwa amefungwa kipande cha turubai chini ya tumbo kwa kamba iliyopita mgongoni. Wafugaji wanakiita kinga. Beberu alitembea na majike kutwa nzima, akawanusa atakavyo, lakini kwa sababu ya ile kinga hakuweza kumpanda hata mmoja. Watoto wa shule walimcheka, wakasema beberu wa kina Evelina amevaa aproni kama mpishi wa harusini.

Baba aliifungua kinga mara moja tu kwa mwaka, mwezi wa saba unapokwisha. Mbuzi hubeba mimba miezi mitano, basi vitoto vilizaliwa Desemba, mvua za kwanza zikianza, majani yakichipua na viwele vya mama zao vikijaa.

"Mbona tusimfungue sasa, Baba?" Evelina aliuliza siku moja ya mwezi wa nne. Majani yalikuwa bado tele, na mbuzi walikuwa wamenona hadi manyoya yanang'aa.

"Hesabu mwenyewe, si uko darasa la sita?" Baba alimjibu. "Ukimfungua sasa watazaa Septemba. Septemba utawalisha nini, vumbi?"

Lakini moyoni Evelina alikuwa na hesabu yake nyingine. Katika kundi lile alikuwamo mbuzi mmoja kijana, hajazaa bado, mwenye doa jeupe kwenye paji la uso. Walimwita Kidoti. Baba alikuwa amemwahidi Evelina kwamba Kidoti akizaa jike, jike huyo atakuwa wake, na uzao wake ndio utakaompeleka sekondari. Sasa mtoto akishaahidiwa jambo kama hilo, Desemba inakuwa mbali mno. Kidoti akizaa Septemba, alijiambia, jike wangu atakuwa mkubwa mapema. Na mwanambuzi mmoja tu, hata kiangazi, si nitamlisha kwa mkono wangu?

Mmoja tu. Hapo ndipo mambo yalipoharibikia.

Jirani yao, Mzee Mazengo, alikuwa na beberu mkubwa mwekundu aliyemleta kutoka Busi, huko Kondoa. Mzee hakumvalisha kinga. Alimfunga kwa kamba ndefu kwenye mgunga kando ya shamba lake, mbali na mbuzi wa watu, naye mwenyewe alasiri akaenda kushughulika na bustani yake ya mchicha mtoni. Baada ya Pasaka, Evelina alipeleka mbuzi karibu na mgunga ule. Akatazama huku na huku. Akaifungua kamba, akamvuta beberu hadi korongoni mbuzi walipokuwa wakila.

Siku ya kwanza Kidoti alimkimbia. Evelina akamrudisha beberu mgungani, akaifunga kamba vilevile ilivyokuwa. Kesho yake akamleta tena, na keshokutwa. Beberu yule alinuka, jamani, harufu ya dume aliyekomaa inayokaa kwenye nguo hata ukizifua. Mbuzi wengine, ambao mwaka mzima hawakumjali beberu wao mweusi, walianza kuinua pua na kusogea.

Kisha yakatokea ambayo Evelina hakuyategemea kabisa. Majike walianza kulia. Walitikisa mikia, wakapandana wao kwa wao, wakamzunguka yule beberu mgeni kundi zima, Kidoti akiwa mmoja wao. Evelina alipiga kelele, akapiga fimbo, akamvuta beberu kwa pembe. Mtoto wa miaka kumi na miwili atamwezea wapi dume la namna ile? Beberu alimkokota hadi akamwangusha kwenye mawe, akaendelea na shughuli zake.

Ilikwenda hivyo kama wiki mbili, kwa maana hata alipoogopa alijiambia kwamba Kidoti bado hajapandwa sawasawa, labda leo, labda kesho. Siku aliyoridhika alimfunga beberu mgungani kwa mara ya mwisho, akaapa kwamba hatamfungua tena. Na kweli hakumfungua tena. Lakini pia hakumwambia mtu.

"Hawa mbuzi wana nini siku hizi?" Mama aliuliza. "Wanalia kutwa, wamenitoboa masikio."

"Labda wamesikia fisi, Mama," Evelina akajibu.

Mama akakubali. Majani yakakauka, watu wakavuna karanga na mtama, baridi ya mwezi wa sita ikaja na upepo wake. Mwezi wa saba ulipokwisha Baba alimshika beberu mweusi, akamfungua kinga, akampiga kofi la mgongo.

"Haya, bwana harusi, kazi kwako."

Beberu alikwenda. Majike wakamkimbia, wengine wakamgeuzia pembe. Siku ya pili vivyo hivyo, na wiki ya pili. Baba alisimama kwenye mlango wa zizi akikuna kichwa. Mbuzi mwenye mimba hataki dume, hilo Baba alilijua kuliko mtu yeyote pale, lakini angewezaje kufikiri mimba wakati kinga ndiyo kwanza ameifungua kwa mikono yake mwenyewe?

"Amekwisha huyu," alisema hatimaye. "Majike wamemkinai. Nitampeleka mnadani, nitafute mwingine."

Evelina alikuwa amesimama hapo hapo na ndoo ya maji. Akainama akawamiminia mbuzi maji. Beberu mweusi, asiye na kosa lolote, akafungwa kamba shingoni akapelekwa mnadani, na jioni Baba akarudi peke yake. Mwingine hakupatikana, mabeberu waliokuwa mnadani siku ile walikuwa wamekonda kupita kiasi.

Mwezi wa nane ulipopita katikati, Baba aliita kutoka zizini kwa sauti ambayo si ya kawaida.

"Mama Evelina, hebu njoo uone. Huyu ana kiwele. Na huyu. Na yule pale."

Mama alikuja, akapapasa matumbo, akamtazama mumewe. Kiangazi kilikuwa ndiyo kwanza kinakaza. Kwenye miti kulikuwa kumebaki miiba tu.

"Nani aliyefungua kinga?" Baba aliuliza. "Evelina, niambie kweli mwanangu. Kinga ilifunguka ukiwa nao?"

"Mimi sikugusa kinga, Baba. Haki ya Mungu."

Tena ilikuwa kweli tupu. Kinga hakuigusa hata siku moja. Ndiyo hiyo kweli mbaya kuliko uongo, kwa sababu mtu anaweza kuapa nayo na uso usimbadilike. Baba alimwamini pale pale, akamshika bega akamwambia basi, si kitu. Evelina alitamani angechapwa.

Septemba ikaja na upepo wa vumbi kutwa kucha. Mbuzi walikula magome, wakala makaratasi, wakala hata kamba za kufungia mlango. Mifupa ya migongo ilihesabika. Wa kwanza kuzaa alikuwa Kidoti. Evelina alimkuta asubuhi kabla ya kwenda shule, amesimama na kitu kidogo chenye unyevu kikijitahidi kuinuka chini yake. Kilikuwa jike, vilevile alivyokuwa ameomba, na paji la uso lina doa.

Alipiga magoti akakamua. Chuchu zilitoa matone mawili ya yale maziwa mazito ya manjano ya mwanzo, basi. Hapakuwa na zaidi. Mwanambuzi alinyonya ngozi kavu, akasukuma kwa kichwa, akalia, akanyonya tena. Mama alikoroga uji mwepesi wa uwele wakamnywesha kwa chupa, ukamharisha. Kesho yake alasiri alikufa. Evelina alimzika mwenyewe nyuma ya zizi, na ardhi ilikuwa ngumu kiasi kwamba jembe lilikuwa linaruka.

Ungedhani siku hiyo angesema. Hakusema. Alifikiri kwamba la Kidoti limeshapita, na kusema sasa ni kujitafutia balaa bure. Lakini halikupita. Jike mwingine alizaa pacha, wakafa wote wawili. Mwingine alizaa akashindwa kusimama, akafa yeye na kitoto chake. Kila asubuhi Mama alikwenda zizini, na akirudi Baba alijua kwa kumtazama tu.

Hasira ya Baba ikatafuta pa kutua, ikatua kwa jirani. Katika kijiji chote dume lisilo na kinga lilikuwa moja.

"Mbukwenyi, Mzee," Baba alisalimia kwa Kigogo mlangoni kwa Mzee Mazengo, lakini kwa sauti isiyo ya salamu. "Beberu wako aliingia kwa mbuzi wangu."

"Beberu wangu ana kamba, Bartolomayo. Haijapata kukatika."

"Basi ulimfungua mwenyewe."

Mzee Mazengo aliinuka polepole kutoka kwenye kigoda. "Unaniita mwongo kwenye mlango wangu?"

"Mbuzi wangu hawakujipa mimba wenyewe."

Evelina alikuwa nyuma ya baba yake. Alisikia yote. Mzee alimtupia jicho, labda kwa huruma tu, na Evelina akaangalia chini.

Kesho yake walikuta kisima kimezibwa kwa miiba. Kisima chenyewe kilikuwa shimo refu mchangani, kwenye mto uliokauka. Mzee Mazengo ndiye aliyelichimba, na miaka yote aliwaachia kina Evelina wanyweshe mbuzi bure. Sasa ikabidi mbuzi wapelekwe bombani, ng'ambo ya vilima, mwendo wa asubuhi nzima na foleni juu yake. Evelina aliacha kwenda shule ili kumsaidia mama yake kuwaswaga. Majike wenye mimba walilala njiani wakakataa kuinuka. Waliwanyanyua kwa mikono, wakitembea hatua chache na kunyanyua tena, na mmoja alikufia pale pale barabarani, kichwa chake mapajani mwa Evelina, tumbo likiwa bado linachezacheza kwa kitoto kilichokuwa ndani. Mama alikaa chini pembeni ya barabara akalia. Hakujali wapita njia.

Siku iliyofuata Baba alimpigia simu afisa mifugo wa kata, Bi Hamida. Alifika kwa pikipiki, ameufunga uso kwa mtandio kuzuia vumbi. Mama akimshikia, alitazama kope za mbuzi, akapapasa matumbo, akakamua chuchu moja moja.

"Ugonjwa sioni," alisema. "Hii ni njaa, na uzazi uliokuja msimu mbaya. Mama hana majani, hana maziwa. Kitoto hakina maziwa, kinakufa. Na mama mwenyewe amebeba mimba akiwa hana akiba mwilini, basi naye anakwenda."

"Daktari, kesho ni mnada," Baba alisema. "Nitawapeleka wote."

"Wote? Utabaki na nini?"

"Na zizi tupu. Bora hivyo kuliko kuchimba mashimo kila asubuhi."

"Hawa wenye viwele hawafiki mnadani, Baba Evelina. Watakufa njiani." Bi Hamida alijifuta mikono. "Nikijua dume aliingia lini, na alikaa kwa muda gani, naweza kukushauri. Kama ni siku chache tu za mwezi wa nne, basi waliobaki na mimba watazaa wiki hii na ijayo, yaishe. Wasio na kiwele watakuwa hawana mimba, hao watastahimili mpaka mvua. Kazi itakuwa ya kuokoa wachache, na wachache tunawaweza. Lakini kama dume amekuwa akiingia na kutoka mpaka juzi, wataendelea kuzaa kiangazi chote, na hapo mimi sina ushauri. Uza."

"Sijui," Baba alisema. "Nimeuliza kila mtu. Hakuna anayejua."

Alikaa juu ya jiwe la kunolea panga, akafunika uso kwa viganja vilivyojaa udongo wa matofali. Mabega yakaanza kutikisika. Evelina hakuwahi kumwona baba yake akilia, wala hakujua kama baba hulia. Aliwaza kesho, zizi tupu, Kidoti akivutwa kwa kamba, na yote hayo kwa sababu ya jibu ambalo analo yeye.

"Ninajua mimi," alisema.

Watu wazima watatu wakamgeukia.

"Ni mimi, Baba. Kinga sikuigusa, lakini nilimfungua beberu wa Mzee Mazengo pale mgungani, nikamleta korongoni. Nilitaka Kidoti azae mapema. Nilianza baada ya Pasaka, jioni tu, kama wiki mbili. Sijamfungua tena baada ya hapo. Mzee hajui kitu."

Mama aliziba mdomo kwa ncha ya kanga. Baba alimtazama binti yake muda mrefu, machozi yakiwa bado mashavuni, kama mtu anayejaribu kumkumbuka. Hakumpiga.

Bi Hamida ndiye aliyechuchumaa mbele yake. "Wiki mbili baada ya Pasaka. Una hakika hakuja tena?"

"Nina hakika."

"Hapo umenipa pa kushika. Sahau mnada wa kesho, Baba Evelina."

"Lakini mimi nilimtaka Kidoti tu," Evelina alisema huku akilia. "Hawa wengine walikuwa na beberu wao kila siku, na hawakuwahi kulia vile. Kwa nini walimkimbilia yule?"

"Kwa sababu yule ni mgeni," Bi Hamida alimjibu. "Jike akiishi na dume mmoja mwaka mzima, akimwona na kumnusa kila saa, mwili wake unamzoea. Akija dume mwingine na harufu ngeni, mwili unaamka. Haichukui siku nyingi, kundi zima linataka dume kwa mara moja. Na wewe ulimleta wakati wameshiba majani ya masika. Mbuzi mwenye njaa mwili wake husitasita kushika mimba. Aliyenona hasiti."

Kisha akamgeukia Baba. "Jambo hili hili linaweza kukufaa mwakani. Badala ya kutegemea kinga peke yake, mtenge dume mbali na majike, wasimwone wala wasimnuse, mwezi mzima au zaidi. Mwezi wa saba ukiisha mlete. Kwao atakuwa mgeni, watazaa kwa pamoja mvua zikianza. Ila kwanza tuwaokoe hawa. Maji yako karibu?"

Baba alisimama. "Evelina, twende," alisema. Ndilo neno la kwanza alilomwambia.

Walimkuta Mzee Mazengo akisokota kamba kwenye kivuli cha nyumba yake ya tembe. "Shikamoo, Babu," Evelina alisema, na kabla hajaitikiwa akaeleza kila kitu, bila kupunguza, hata ile habari ya kuifunga kamba vilevile ilivyokuwa ili mzee asigundue.

Mzee alisikiliza hadi mwisho. "Na miezi yote hii ukipita hapa unaniamkia vizuri tu," alisema.

"Nilikuita mwongo, Mzee," Baba alisema. "Nimekuja kuomba radhi. Uliyokuwa ukisema yalikuwa kweli, na niliyekuwa nikimwamini ndiye aliyenificha."

"Iliniuma sana, Bartolomayo. Sikutegemea kwako." Mzee alitazama upande wa zizi la jirani yake, akaweka kamba chini. "Nenda kaondoe ile miiba, mbuzi wanywe. Haya mengine tutayazungumza wakishakunywa."

Kisha akapanda juu ya paa bapa la tembe, penye magunia yake ya maganda ya migunga aliyoyaokota mwezi wa sita kwa ajili ya mbuzi wake mwenyewe, akawarushia mawili. Bi Hamida aliwaonyesha jinsi ya kuyatwanga na kuyachanganya na mashudu kidogo ya alizeti. Waliwapa wale wenye mimba na waliokwisha kuzaa tu, kidogo asubuhi na kidogo jioni, nao wengine wakaachiwa wajitafutie.

Haikuwa kama katika hadithi, eti wote wakapona. Jike mmoja alikufa usiku ule ule, akaacha kitoto cha kiume. Vitoto vingine viwili vilizaliwa na kufa. Lakini watatu waliofuata walizaliwa kwa mama wenye maziwa kidogo, wakasimama, wakanyonya. Kidoti alipona, ingawa alikuwa mifupa mitupu. Yule yatima akapewa jike mmoja aliyefiwa na mtoto wake. Jike yule hakumtaka, alimpiga mateke, basi Evelina akapewa kazi ya kumshika pembe kila asubuhi, mchana na jioni ili yatima anyonye.

Siku zile zote Baba hakuzungumza naye, isipokuwa leta ndoo, shika hapa. Evelina hakuweza kustahimili zaidi. Jioni moja Baba akiwa anatwanga maganda, alikwenda akasimama mbele yake.

"Baba, ni mimi niliyewaua?"

Baba aliacha mchi ndani ya kinu. "Kumfungua beberu wa watu ulikosea. Lakini hilo ni kosa la mtoto mwenye haraka, ningekuchapa, likaisha. Sasa sikiliza. Mwezi wa nne ungeniambia, yale majani ya karanga niliyoyachoma shambani ningeyapandisha darini. Mwezi wa saba ungeniambia, beberu wangu nisingemuuza. Mwezi wa nane ungeniambia, ningenunua mashudu wakati bado yapo tele, na nisingemtukana mzee wa watu. Kila mwezi palikuwa na jambo la kufanya, Evelina, na kila mwezi ulijua peke yako. Umeniuliza, nami sitakudanganya. Waliuawa na njaa, na njaa ile tungeweza kuizuia."

Evelina alilia bila kujifuta. Na katikati ya kilio chake kitu kilimchoma ghafla. Mchana ule yule jike alikuwa amempiga teke la goti, naye kwa uchungu akamwachia, akaenda kukaa kivulini. Mama alipouliza kama yatima amenyonya, alisema ndiyo. Alitazama uso wa baba yake, ambao ndiyo kwanza ulikuwa umeanza kulegea, akaogopa kuliko alivyoogopa mbele ya Bi Hamida.

"Baba," alisema, "yatima hakunyonya mchana. Nilimwambia Mama amenyonya. Hakunyonya."

Baba alitupa mchi, akaenda zizini mbio, Evelina nyuma yake. Kitoto kilikuwa kimelala ubavu kwenye kona, shingo imelegea. Baba alikitia kidole mdomoni.

"Mdomo wa baridi," alisema. "Mwite mama yako awashe moto."

Walimfunga kwenye kanga kuukuu karibu na mafiga. Mama alimsugua mbavu kwa viganja, Baba akaenda kumkamua jike, na Evelina akamdondoshea maziwa ya vuguvugu kwa kijiko, tone moja moja. Mengi yalimwagika pembeni. Hakumeza. Evelina alisema moyoni, huyu asife, huyu tu jamani asife. Kisha koo la mwanambuzi likapanda na kushuka. Mama akaongeza maziwa kwenye kikombe.

"Tungemkuta asubuhi," Mama alisema, "ningekuwa nimeshika jembe, si kijiko. Umeona tofauti, mwanangu? Utakosea tena, kila mtu hukosea. Ila ukikosea, sema siku hiyo hiyo, wakati bado kuna la kufanya."

"Ndiyo, Mama," Evelina alisema. Alitia kidole mdomoni mwa mwanambuzi kuona kama baridi imepungua, na mwanambuzi akaanza kukinyonya.